Madoa ya Buluu Niliyoyaosha kwa Ndimu

Ninyi vijana wa maabara mna bahati moja msiyoijua: maji yenu hutoka kwenye chupa yenye karatasi ya jina. Sisi maji ya kuoshea slaidi tuliyakinga chini ya paa la bati mvua ikinyesha, na mvua ya Tabora ikishakata haionekani tena mpaka watu wamesahau ilivyo. Kiangazi tulirudi kwenye bomba. Maji ya bomba na rangi zetu za damu havikupatana hata kidogo. Kila kitu kilitoka buluu: chembe za damu buluu, kioo buluu, vidole vya mpimaji buluu. Ukiinamia darubini ulidhani unatazama shuka lililofuliwa pamoja na kanga mpya.

Naanza na maji kwa sababu ndiko kosa langu lilikoanzia, na mwalimu wenu aliyeniomba niwaandikie alitaka hasa makosa. Alisema, "Mzee Hamisi, sifa zako tunazijua, tuandikie ulipoharibu." Sikukasirika. Sana.

Nilianza kazi kama mfagiaji wa maabara ya hospitali ya serikali pale mjini, miaka michache baada ya uhuru. Aliyenitoa kwenye ufagio akanikalisha kwenye darubini alikuwa mkuu wetu wa maabara, Mzee Fabiani, mtu mwembamba wa upande wa Kipalapala, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi na kuongea kana kwamba kila neno linakatwa kwenye mshahara wake. Alinifundisha mambo mawili tu, mengine yote nikayaokota mwenyewe. La kwanza: andika ulichokiona, si ulichokuwa unakitafuta. La pili: ukianza kuhesabu, usiinue jicho mpaka umemaliza, hata kama mkuu wa mkoa amesimama mlangoni. Hilo la pili nililishika kwa miaka yote ya kazi, isipokuwa siku moja. Hilo la kwanza nililivunja mapema.

Kiangazi kimoja Mzee Fabiani alikuwa safarini huko Ziba, akizunguka vijiji vipya vya ujamaa kutoa watu damu vidoleni na kutafuta malaria. Mimi nilibaki na maabara, nikajiona mkubwa. Mchana nikawa nakula muhogo wa kuchoma juu ya meza ya kazi (msifanye hivyo, maabara si mgahawa), nikikamulia ndimu. Tone likaangukia kwenye bakuli la maji ya kuoshea. Kwa uvivu, sikuyamwaga. Slaidi zilizotoka kwenye maji yale nilizitazama nikashika mdomo. Safi! Chembe zilikuwa za waridi, duara, zimepangika, na buluu yote ya bomba imekwenda zake.

Basi nikawa mvumbuzi. Ndimu moja asubuhi, ndimu moja mchana. Wapimaji wa zahanati za vijijini walipokuja kuchukua vioo niliwaonyesha, wakaondoka na ndimu mifukoni. Mmoja aliniita Daktari, nami sikumsahihisha.

Sasa niwapeleke nyumbani kwetu, maana slaidi iliyonivua udaktari huo ilitokea huko.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa mji unaotokea njia ya zamani ya misafara, ile inayopita Kwihara na kuendelea magharibi mpaka Ujiji. Babu yangu aliyeyusha risasi, yale madini mazito ya kijivu, akayamimina kwenye kalibu kutengeneza marisau, vidonge vidogo vya kupigia gobore. Zama zake waliovichukua walikuwa watu wa misafara. Zama za baba walikuwa wawindaji na warina asali waliokuwa wakiingia porini. Baba alipofariki tanuri likabaki kwa kaka yangu Idi, na risasi ikawa inatoka kwenye betri mbovu za malori. Uani kwetu kulikuwa na moshi tangu asubuhi, na vumbi la kijivu lilikaa juu ya kila kitu, mpaka kwenye mikeka ya kulia chakula.

Kidonge kinapotoka kwenye kalibu hutoka na mkia, kijipande pale risasi ilipoingilia. Mkia lazima uondoke, la sivyo kidonge hakiendi kinakoelekezwa. Mafundi wa kwingine sijui walitumia nini. Kwetu mkia uliondolewa kwa meno ya watoto. Risasi ni laini, na meno ya mtoto wa miaka mitano au sita ni madogo, yanaingia palepale panapotakiwa. Mtu mzima aking'ata anakibonyeza kidonge chote. Tulikaa ukutani mstari mmoja, tunang'ata na kutema mikia kwenye kibakuli, na kibakuli kikijaa Mama alitupa kipande cha sukari guru. Nilianza kung'ata kabla sijajua kufunga vifungo vya kaptula, nikaacha ndevu zilipoanza. Risasi ina utamu wa mbali, ulimi wangu unaukumbuka hata leo. Watoto wa jirani walituonea gere.

Idi hakung'ata. Alipelekwa Ziba akiwa bado anatambaa, kwa mjomba wetu mfugaji, akarudi mjini kijana mwenye sauti nzito na meno yasiyofaa tena kwa kazi ile. Liwekeni hilo kichwani, tutalirudia.

Nilioa mwaka uleule nilipoacha ufagio. Mke wangu ni Kalunde, binti wa wakulima wa Kwihara, mtu wa maswali kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alitaka kujua kwa nini mchwa huanza na mguu mmoja wa kitanda na si yote minne. Miaka sita tuliishi pale uani bila mtoto, na Idi alikuwa tayari na watatu. Kalunde alikunywa mizizi ya kila rangi. Alifukizwa, alichanjwa, alipelekwa kwa bibi mmoja aliyemkanda tumbo mpaka akashindwa kusimama. Hospitali alipimwa kila kinachopimika. Mimi nilimshika mkono mpaka mlangoni kila mara, nikajiona mume mwema.

Mimi mwenyewe sikuwahi kupimwa. Nawaambia bila kujificha, maana hata leo nikiwaza naona haya. Nilikuwa na darubini, vioo na ujuzi. Wanawake wa mji mzima walipita mbele ya meza yangu na karatasi za daktari, waume zao wakiwa nje wameegemea baiskeli, na haikunipitia akilini kumwita hata mmoja ndani. Nilikuwa na ndevu na sauti na nguvu za ndoa. Nilidhani hayo yanatosha.

Basi mtoto wa tatu wa Idi, Mashaka, mwenye miaka sita, akaanza kulia tumbo. Lilimbana likamwachia, likambana tena. Choo hakipati, chakula hataki, macho meupe kama karatasi. Nilimtoa damu mwenyewe, nikapaka rangi, nikaosha kwa maji yangu ya ndimu, nikatazama. Hakuna vijidudu vya malaria. Nikaandika hivyo. Akapewa dawa ya minyoo. Baada ya wiki akarudi, nikaandika vilevile, akapewa klorokwini kwa kubahatisha. Mara ya tatu mama yake alimleta mgongoni, na siku hiyo Mzee Fabiani alikuwa amerudi kutoka Ziba, bado ana vumbi la safari kwenye nyusi.

Alichukua slaidi ya pili kutoka damu ileile. Akaiosha kwa maji ya mvua aliyokuwa akitembea nayo kwenye chupa ya mvinyo wa misa. Akatazama kwa muda mrefu.

"Hamisi, njoo. Unaona nini?"

Nikainama. "Hakuna vijidudu, Mzee."

"Sikukuuliza usichokiona."

"Chembe nyekundu. Zina madoa madogo ya buluu, mengimengi. Uchafu wa rangi."

"Shika skrubu ndogo ya kulengea. Zungusha taratibu. Uchafu hukaa juu ya chembe. Ukiilenga chembe, uchafu unafifia. Ukiulenga uchafu, chembe inafifia. Sasa niambie."

Nikazungusha. Chembe na madoa vilikuja pamoja na kuondoka pamoja. Nikarudia kwenye chembe nyingine, na nyingine. Shikeni hapo, vijana: skrubu ile ndogo ina akili kuliko wengi wetu.

"Yamo ndani," nikasema.

"Yamo ndani. Lete slaidi yako."

Slaidi yangu ilikuwa ya waridi, nzuri ya kutundikwa ukutani. Haikuwa na doa hata moja.

"Umeoshea nini?"

"Maji ya bomba, Mzee. Na tone la ndimu."

Mzee Fabiani alivua miwani, na uzi wake ukanasa sikioni, akauacha hapohapo. "Ndimu inaondoa buluu, Hamisi. Umeuosha ugonjwa kwenye kioo ukauacha mwilini mwa mtoto."

Alitoka barazani, akamkalisha Mashaka juani, akainua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba. Kwenye ufizi, pale unapokutana na meno, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya wingu la mvua. Akaniita nikaona.

"Huyu si mtoto wa Idi wa marisau?"

"Ndiye, Mzee."

"Hushika risasi?"

"Hashiki," nikasema. "Anang'ata."

Daktari wa hospitali alisema bila kuzunguka kwamba madoa yale na ule mstari ni risasi, kwamba dawa ya kuitoa mwilini hapa hatuna, na hata ingekuwapo isingefaa kitu mtoto akirudi kwenye moshi uleule. Atolewe uani. Jioni hiyo nilikwenda kuomba lifti ya lori, na kesho yake Mashaka akapelekwa Ziba kwa mjomba, akanywe maziwa na kuwakimbiza ndama. Idi alinuna lakini hakukataa, maana alikuwa amemsikia mwanawe akilia wiki tatu.

Hapo ningeweza kufunga habari, nanyi mngejifunza kuhusu ndimu mkaenda zenu. Lakini Mzee Fabiani alikuwa na kitabu kinene kilichoachwa na madaktari wa zamani, kikinuka mende, na mimi nilitaka kujua zaidi. Nilikisoma mchana kutwa nikiwa na kamusi pembeni. Nikakuta habari ya maumivu ya tumbo, nikakuta ufizi, nikakuta mikono inayolegea. Kisha, kwenye mstari mmoja katikati ya ukurasa, mwandishi alisema kama jambo la kupita tu kwamba wanaume wa kazi za risasi mara nyingi hukosa watoto.

Niliusoma mstari huo mara nyingi sana. Nikahisi ule utamu wa mbali ukinirudia ulimini.

Asubuhi moja nilifika kazini kabla ya wenzangu. Nitasema wazi kwa kuwa ninyi ni watu wa maabara: nilipima mbegu zangu mwenyewe. Darubini yetu ilitumia kioo cha kuakisi jua, nikaigeuza kwenye dirisha la mashariki, nikasubiri mwanga upande. Nilitarajia kuona msongamano, kama nilivyofundishwa. Niliona uwanja mtupu. Nikasogeza slaidi. Moja hapa, imelala. Nyingine kule, kichwa chake kikubwa kupita kiasi, inazunguka mahali pamoja. Ilinibidi nisogeze mara nyingi kabla sijaiona moja inayokwenda mbele, taratibu, kama mtu anayetafuta kiatu. Nilihesabu mpaka mwisho, jicho sikuinua, ijapokuwa machozi yalikuwa yanadondokea kwenye shaba ya darubini.

Mzee Fabiani aliingia, akainama, akatazama.

"Ya nani?"

"Ya mgonjwa mmoja, Mzee."

"Mwambie huyo mgonjwa arudie baada ya wiki kadhaa. Homa tu inaweza kuziangusha. Kipimo kimoja si hukumu." Halafu akaongeza, na hili hakulazimika kuliongeza, "Mwambie pia kwamba si aibu."

Nilingoja, nikarudia. Majibu yalikuwa yaleyale.

Wakati huohuo, nyumbani, Mama alikuwa amechoka kungoja. Alisema Kalunde arudishwe kwao Kwihara kwa heshima, nami nitafutiwe mwingine. Siku ilipangwa: Ijumaa baada ya sala. Na hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, si kwenye bakuli. La ndimu nililifanya bila kujua. Hili nililifanya nikijua. Wiki tano nilikuwa na majibu ya kwanza, na siku nne nilikuwa na ya pili, na kila usiku Kalunde alikunja nguo zake kidogokidogo akiziweka kwenye sanduku la bati, nami nikimtazama bila kufungua mdomo. Nilijiambia nasubiri uhakika. Uongo mtupu. Nilikuwa naona haya.

Ijumaa ikafika. Sebuleni alikaa Mama, na Idi, na baba mkwe wangu, Mzee Maganga, aliyekuja kwa baiskeli na kofia yake magotini. Kalunde alisimama kwenye pazia la mlango wa ndani, sanduku likiwa miguuni pake. Mama akaanza vizuri, kwa maneno ya adabu, kwamba hakuna ubaya, ni majaliwa tu, binti ni mwema ila tumbo limekataa.

"Mama, si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Uani tanuri lilikuwa bado linahema, maana Idi alikuwa ameacha moto.

"Usijipake tope kumfichia mwanamke," Mama akasema.

"Nimejipima, Mama. Mara mbili."

"Mwanangu mzima! Ndevu hizo, sauti hiyo!"

"Ndevu na sauti hazionekani kwenye darubini."

Mzee Maganga akakohoa na kuitazama kofia yake kwa makini sana. Nikaeleza kama nilivyoweza, mbele ya mkwe, jasho likinitoka: risasi, meno, kitabu. Nikasema pia sina hakika yote, kwamba huenda kuna sababu nyingine, lakini hilo ndilo ninaloliona.

Idi akaruka. "Kwa hiyo nizime tanuri la Baba? Kazi iliyotukuza sote?"

"Mashaka ana mstari kwenye ufizi, Idi. Umemwona mwenyewe. Bado una wawili wanaokaa ukutani."

Akafungua mdomo kujibu, lakini Mama alimtangulia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye niliyewapa sukari guru," alisema. "Kila kibakuli kikijaa. Nilikuwa nakusifu, Hamisi. Nilisema meno yako ni ya dhahabu." Akajifunika uso kwa ukaya. Nilitamani nimwambie kwamba hakujua, na kweli hakujua.

Kalunde ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna mwingine angeuliza.

"Ulijua lini?"

"Wiki tano zilizopita."

"Na kabla ya wiki tano, hiyo darubini ilikuwa imefungiwa kabatini?"

Nikaliangalia sanduku lililokuwa miguuni pake.

"Miaka sita nimekunywa mizizi," alisema. "Baba, twende."

Akabeba sanduku lake mwenyewe. Kumbukeni vizuri jinsi ilivyokuwa: hakurudishwa na mtu. Aliondoka.

Nilimfuata. Kila Jumapili, msimu mzima wa karanga, nilikanyaga baiskeli mpaka Kwihara. "Mwangaluka, mayu," nilimsalimia mama mkwe, naye aliitika akanipa jembe bila neno jingine. Nilipalilia matuta mengi kuliko siku zote za maisha yangu. Wiki za kwanza Kalunde alipalilia tuta la mbali. Kisha la jirani. Kisha siku moja, bila kuinua kichwa, akauliza:

"Hizo mbegu zina macho?"

"Hazina."

"Sasa zinajuaje njia?"

"Sijui, Kalunde. Nadhani hakuna anayejua sawasawa."

Akapalilia kidogo. "Na mbona Idi ana watoto? Yeye si ndiye anayekaa motoni kila siku?"

Swali hilo nilikuwa nimelikwepa kwa sababu liliharibu hesabu yangu yote. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

"Idi alikulia Ziba," alisema. "Wewe ulikulia uani. Tazama hapa." Akanionyesha mche wa karanga uliokuwa umeungua ukiwa na majani mawili. "Huu umepata mvua kama wenzake, mbolea kama wenzake. Chimba uone, hautakuwa na kitu. Kilichoharibika kiliharibika ukiwa mchanga."

Nilibaki nimeshika jembe. Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, na nasikia siku hizi wataalamu wanachunguza jambo hilohilo, kwamba madini haya yakimwingia mtoto wa kiume mapema, hata tumboni mwa mama, huenda yakagusa viungo vile wakati vinajijenga, na dalili zikangoja ukubwani. Mimi niliambiwa kwanza na mke wangu, katikati ya karanga. Lakini niwe mkweli, maana Mzee Fabiani angefufuka kunikemea: ndugu wawili si ushahidi. Binamu yangu Saidi aling'ata mikia pamoja nami ukuta mmoja, na ana watoto wanne wanaofanana naye mpaka masikio. Kwa nini yeye na si mimi? Nimeliuliza swali hilo miaka yote na sijapata jibu. Mkilipata, nitafuteni, hata kama mtaongea na kaburi.

Kalunde alirudi karanga zilipoanikwa. Alitoa sharti moja. "Mwanamke akija kwenu na karatasi," alisema, "muulize mume wake yuko wapi. Na umwite ndani."

Nilifanya hivyo mpaka nilipostaafu. Nilitukanwa, niliwahi kutupiwa karatasi usoni, na dereva mmoja wa lori alitaka kunipiga. Wengi walikuja hatimaye, kwa mlango wa nyuma, kofia zimeshushwa machoni. Niliwaambia aliyoniambia Mzee Fabiani, kwamba kipimo kimoja si hukumu, na kwamba si aibu.

Nilizunguka pia kwenye zahanati zote nilizozifundisha ndimu, kwa baiskeli, kuwaambia nilikosea. Mmoja alininung'unikia, "Lakini zinapendeza!" Ndiyo, zinapendeza. Slaidi ikipendeza kupita kiasi, iogopeni.

Idi alizima tanuri kwa muda, akalihamishia mbali na nyumba, akatafuta koleo la kukatia mikia, na mwishowe akaliacha kabisa akawa fundi baiskeli. Tulifagia ua, tukamwagilia, tukachota udongo wa juu na kuufukia mbali. Mama hakununua tena sukari guru maisha yake yote. Alimpenda Kalunde kwa namna mpya, ya wasiwasi, akimtunzia kipande kizuri cha nyama kila siku. Sisi wawili hatukupata mtoto. Tulilia kwa hilo miaka kadhaa, kisha tukazoea, isipokuwa baadhi ya siku.

Mashaka alikaa Ziba miaka miwili. Alirudi mrefu, mwenye mashavu, akisema Kisukuma kuliko Kiswahili. Akasoma, akaajiriwa, akaoa. Mwaka wa kwanza wa ndoa ukapita bila dalili, na watu wakaanza kumtazama mkewe tumboni. Mashaka hakungoja. Alikuja maabara peke yake asubuhi, kupitia mlango wa mbele, karatasi mkononi.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Nipime mimi kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo."

Nilikuwa nimebakiza miezi michache ya kazi. Niliweka kioo vibaya mara mbili. Kisha nikainama, nikalenga, nikazungusha skrubu ndogo.

Nilipofika nyumbani Kalunde alikuwa anapepeta mchele barazani. Alijua kipimo ni siku hiyo. Ungo ukasimama.

"Vipi?"

"Zinakwenda," nikasema.

"Ngapi?"

Nikataka kumwambia, na hapo ndipo nikagundua kwamba ilibidi Mzee Fabiani aliyekuwa kaburini anisamehe, kwa kuwa niliinua jicho.

"Sikumaliza kuhesabu, Kalunde. Zilikuwa nyingi mno."